Jina la Baba na Jina la Mume: Nasaba ya Bibi Salme wa Mtoni

Kiko kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1929, chenye kueleza maisha na utawala wa Sayyid Said bin Sultan, yule mtawala wa Oman na Unguja aliyefariki mwaka 1856. Vitabu vyenye kumtaja Sayyid Said ni vingi, na msomaji aweza kukipita hiki bila ya kukishughulikia. Lakini akitupa jicho juu ya jina la mwandishi atasita kidogo, kwani limeandikwa Rudolph Said-Ruete. Rudolph ni jina la Kijerumani. Ruete ni jina la ukoo wa watu wa Hamburg. Basi huyu Said aliyeketi katikati, akafungwa na Ruete kwa kistari kidogo, ametoka wapi?

Kistari hicho ndicho kilichonivuta. Sisi watu wa Mwambao tumelelewa kuhesabu nasaba kwa bin na binti: fulani bin fulani bin fulani, mpaka ufike kwa babu ambaye kila mtu mtaani amjua, kisha ndipo utaje kabila. Jina la ukoo lisilobadilika, ambalo mke humfuata nalo mume na watoto hulibeba kama mzigo mmoja, ni mtindo tuliouona katika fomu za serikali na vyeti vya safari. Kwa hivyo nilipoliona jina lenye bin ya kwetu na ukoo wa Kizungu pamoja, nilijua kuna mtu aliyevuka kutoka huku kwenda kule, na kwamba kuvuka kwake hakukuwa bure.

Nikalifuata jina hilo kinyumenyume, kutoka kwa mwana hadi kwa mama, na kutoka kwa mama hadi kwa babu. Nililifuata katika kumbukumbu alizoziandika mama mwenyewe, katika barua zake zilizochapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, na katika habari zilizotolewa kwenye barua za mabalozi na madaftari ya ndoa, vizazi na vifo. Mtu niliyemkuta mwisho wa njia ni Bibi Salme binti Said, ambaye Ulaya wamjua kwa jina la Emily Ruete.

AZALIWA MTONI

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan bin Ahmed bin Said Al Busaidi. Mama yake ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi, mwanamke aliyetekwa utotoni katika nchi ya kwao, kule karibu na Bahari Nyeusi, akauzwa hadi akaingia katika milki ya Sayyid.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa kila mwenye kutafuta asili yake. Upande wa baba, nasaba ya Salme yaenda mbele bila ya kukatika, jina juu ya jina, mpaka kwa Imamu Ahmed bin Said aliyeusimamisha utawala wa Al Busaidi. Upande wa mama, njia yafika ukutani. Katika kumbukumbu za Salme, babu yake mzaa mama ni mkulima tu, mwenye mke na watoto watatu. Wanyang'anyi walivamia, wazazi wakauawa, watoto wakagawanywa, na nasaba ikaishia hapo. Utumwa popote ulipopita ulianza kwa kula jina la mtu.

Na huyo alikuwa suria aliyezaa na mtawala, ambaye mwanawe, kwa sheria ya dini yetu, ni huru na ana haki ya urithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sasa fikiri habari za wale waliolima na kuchuma karafuu katika mashamba ya ukoo huo. Hao wengi wao hawakuandikwa katika karatasi yoyote ila kwa hesabu ya vichwa.

Maisha ya Mtoni yalikuwa na watu wengi na lugha nyingi. Kiarabu ndicho kilichotakiwa mbele ya Sayyid, lakini vyumbani kulisemwa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kiswahili. Salme alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, yeye na mama yake walihamia Bet il Watoro, jumba la kaka yake Majid, ambaye alimpenda na kumfundisha kupanda farasi na kutumia silaha. Baadaye wakahamia Bet il Tani, mjini.

Wasichana wa majumba hayo walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Msomaji auweke mfupa huo moyoni, kwani ndio mwanzo wa mambo yote yatakayofuata.

KALAMU YALETA HATIA

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi kama sheria isemavyo. Milki nayo ikagawanyika: Thuwaini akashika Oman, Majid akashika Unguja na Mwambao. Mwaka 1859 maradhi ya kipindupindu yalimchukua Jilfidan, na Salme akabaki yatima wa pande zote mbili, mwenye mali mkononi na miaka 15 tu.

Mwaka huohuo Barghash, kaka mwingine, alipanga kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme kwa kumpenda Khole akavutwa ndani. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa katibu wa fitina: barua za kuitisha silaha na watu zilitoka kwenye kalamu yake. Majid akasaidiwa na askari wa manowari za Kiingereza, njama ikavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa uhamishoni.

Majid hakumwadhibu dada yake. Hata hivyo, jamaa na marafiki walimwepuka, naye akajitenga mashambani, Kizimbani na Bububu. Baadaye alipopatana na Majid na kurudi mjini, wale wa upande wa Barghash walimhesabu kuwa msaliti. Kwa hivyo alikuwa amewaudhi wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Tofauti ni kwamba Majid alisamehe, na Barghash hakusahau.

USIKU WA SIKU YA MWAKA

Nyumba ya Salme mjini ilikaribiana na nyumba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, wakala wa kampuni ya Hansing. Madari yao yalitazamana. Yaliyofuata msomaji ayajua bila ya kuambiwa. Ilipofika katikati ya mwaka 1866 Salme alikuwa mja mzito, na jambo hilo halikuwa la kufichika.

Mke wa balozi mdogo wa Kiingereza, Dokta Seward, alimsaidia kupanga safari. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 ulikuwa usiku wa Siku ya Mwaka, wakati wanawake wa mji huteremka pwani kuoga, na Salme akateremka pamoja nao. Wenzake walirudi majumbani. Yeye aliingia katika mashua ya manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, iliyokuwa chini ya Kapteni Pasley, na meli ikang'oa nanga kwenda Aden.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasimama hapo ufuoni. Kuoga Siku ya Mwaka ni kuacha ya mwaka uliopita na kuingia mwaka mpya. Yeye aliuacha mwaka, na mji, na ukoo mzima pamoja.

Huko Aden alikaa kwa mume na mke wa Kihispania aliowafahamu tangu Unguja. Tarehe 7 Desemba 1866 alizaa mtoto wa kiume, akaitwa Heinrich. Ruete alikuwa bado Unguja akimaliza shughuli zake, na hakufika Aden ila mwezi wa Mei wa mwaka uliofuata.

SIKU MOJA, MAJINA MAWILI

Tarehe 30 Mei 1867 ndiyo siku ambayo nasaba hii ilikatwa. Siku hiyo, katika kanisa la Kiingereza la Aden, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na mara baada ya ubatizo akaozwa. Aliingia kanisani ni Salme binti Said, akatoka ni Emily Ruete.

Nataka msomaji aone uzito wa jambo hili. Katika sheria yetu mke haachi jina la baba yake anapoolewa. Aweza kuolewa na mfalme, naye atabaki binti fulani mpaka afe, na akifa ndilo atakaloitiwa. Hata mtoto wa kulea huitwa kwa baba aliyemzaa. Jina si pambo. Jina ndilo linaloonyesha nani ni mrithi wa nani, nani ni walii wa nani, nani haramu kuoana na nani. Katika desturi za Hamburg za wakati ule, mwanamke alipoolewa jina la baba lilifichwa chini ya jina la mume, na hapo ndipo mlango wake wa haki ulipokuwa.

Kwa hivyo siku ile alipoteza vitu vitatu kwa pamoja. Alipoteza jina la baba. Aliitoka dini ya baba. Na kwa kuitoka dini, alipoteza haki ya kuwarithi ndugu zake Waislamu watakapokufa. Katika maandishi yake hafichi kwamba ubatizo ule ulifanywa haraka, bila ya mafundisho ya kutosha, na kwamba moyo wake haukutulia baada yake. Yaliyo moyoni ayajua Mola peke yake, nami sina mizani ya kuyapima.

Safari ya kwenda Ulaya ikaanza, na mtoto wao Heinrich akafia njiani, katika nchi ya Ufaransa. Wakafika Hamburg bila ya mtoto. Mungu akawapa wengine watatu, na hapa ndipo madaftari yanapoanza kusema siri. Wa kwanza, aliyezaliwa mwezi wa Machi 1868, aliandikwa Antonia Thawka. Wa pili, wa tarehe 13 Aprili 1869, aliandikwa Rudolph Said. Wa tatu, wa Aprili 1870, aliandikwa Rosalie Ghuza. Mbele jina la Kijerumani, nyuma jina la ukoo wa mume, na katikati, kama kitu kilichotiwa mfukoni mwa nguo, jina la Kiarabu. Mwana wa kiume alipewa jina la babu yake. Mama aliyelazimishwa kuliacha jina la Said mlangoni mwa kanisa alilirudisha kupitia kwa mwanawe, miaka miwili baadaye.

MJANE KATIKA NCHI YA BARIDI

Tarehe 6 Agosti 1870 Ruete aliteleza akishuka katika gari la reli lililokokotwa na farasi, akaumia na kufa. Salme alikuwa na miaka 25, ana watoto watatu, mdogo wao hajatimiza miezi minne. Sheria ya Hamburg ya wakati ule haikumwachia mjane kusimamia mali na watoto peke yake: waliwekwa wasimamizi wanaume juu yake. Mtoto wa kike wa Unguja, aliyepewa fungu lake mkononi akiwa na miaka 12, sasa aliomba ruhusa kutumia mali ya nyumba yake mwenyewe.

Mali ikapungua. Akahama kutoka Hamburg, akakaa Dresden, Rudolstadt na Berlin, akafundisha Kiarabu ili apate cha kuwalisha watoto. Na huko nyumbani Majid alikuwa amefariki mwaka uleule wa 1870, na aliyekaa mahali pake ni Barghash.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alikwenda huko kwa tamaa ya kumwona na kupatana naye. Wakuu wa Kiingereza, waliokuwa na mazungumzo yao na Sultani, hawakutaka habari za dada ziingie kati. Sir Bartle Frere alimshauri aache, akimpa ahadi ya kuwasaidia watoto wake. Akaacha. Ahadi haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye jina la Ruete likamletea rafiki asiyemtazamia. Kwa ndoa yake Salme alikuwa raia wa Ujerumani, na mwaka 1885 Bismarck alikuwa akitafuta kumbana Barghash akubali madai ya Wajerumani huku bara. Dada wa Sultani aliye raia wa Ujerumani, mwenye madai ya urithi, alikuwa silaha nzuri. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, naye akafika katika meli ya Adler. Baada ya miaka 19 akaiona tena pwani ya kwao.

Watu walimlaki njiani na kumwamkia kwa heshima. Ndugu yake hakumpokea. Barghash alipokwisha kuyakubali mambo makubwa ya Wajerumani, madai ya urithi yakawekwa kando, na Salme akarudishwa Ulaya. Alikuja tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa na Sayyid Khalifa akiwa kitini, na mara hiyo pia akaondoka mikono mitupu.

Katika kesi hii kila upande ulishika jina uliloona lafaa. Kwa Barghash, mwanamke aliyeondoka na kuitoka dini hakuwa na fungu. Kwa Wajerumani, alikuwa Bibi Ruete raia wao walipomhitaji, na mjane maskini walipokwisha kumtumia. Kwa Waingereza, alikuwa Bibi Salme, jambo la kuepukwa. Yeye peke yake ndiye aliyeyashika majina yote mawili kwa wakati mmoja.

MFUPA WA NGAMIA WAZAA KITABU

Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilitolewa Berlin kwa Kijerumani, na mwaka 1888 zikatoka kwa Kiingereza. Alikuwa amezianza kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua walikotoka. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kueleza maisha yake mwenyewe, na hakuna mtafiti wa majumba ya Unguja anayeweza kukipita. Majina ya ndugu, mama zao na majumba waliyokaa yamehifadhiwa humo. Wengi kati ya dada wale, waliobaki na dini, jina na heshima yao, twawajua leo kwa sababu yeye aliyeondoka aliwaandika.

Lakini hatuwezi kumsifu kwa yote. Katika kitabu hichohicho alitetea utumwa wa kwao na kuwasema vibaya watu weusi waliomtumikia. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina la Emily Ruete. Watu waliposoma maneno yale, wakuu wa mtaa huo wakaamua kuliondoa. Binti wa mwanamke aliyenyang'anywa wazazi wake na wauza watu alishindwa kuona kilio hichohicho kwa wengine. Mwenye kufuata nasaba sharti apokee yote anayoyakuta, tamu na chungu.

Baada ya safari ya 1888 hakukaa tena Ujerumani kwa miaka mingi. Alikaa Jaffa kwa muda, kisha Beirut, ambako aliishi mpaka mwaka 1914. Huko aliisikia adhana tena na kusema Kiarabu sokoni. Karibu na mwisho wa maisha yake serikali ya Unguja, chini ya Sayyid Khalifa bin Harub, ilimkatia posho ndogo ya kila mwaka. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, mahali pa ukoo wa Ruete. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kikazikwa pamoja naye.

MWANA AUNGA KILICHOKATIKA

Sasa turudi kwenye kistari. Watoto watatu walibeba majina ya Kiarabu, lakini tazama yalivyokwenda. Antonia aliolewa na Eugen Brandeis, afisa wa Kijerumani aliyetumikia Visiwa vya Marshall, na mwaka 1907 alitoa kitabu cha mapishi ya nchi za joto kwa jina la Antonie Brandeis. Mtu akimtafuta kwa jina la Ruete katika kitabu hicho hamwoni, na akimtafuta kwa jina la Said ndiyo kabisa. Rosalie aliolewa na afisa wa jeshi la Prussia, akawa Bibi Troemer. Mabinti walifuata mkondo uleule uliomchukua mama yao: jina la mume likafunika jina la baba.

Mwana wa kiume ndiye aliyekuwa na nafasi ya kufanya vingine. Said lilikuwa jina lake la pili, ambalo angeweza kulifupisha kwa herufi moja na nukta, na watu wangelisahau. Alilitoa pale katikati, akalipeleka mwisho, akaliunga na Ruete likawa jina la ukoo. Kuanzia hapo kila mtoto atakayezaliwa atabeba jina la Sayyid Said pamoja na jina la mfanyabiashara wa Hamburg. Binti yake aliyezaliwa mwaka 1910 alimwita Salme.

Hakuishia hapo. Aliandika kile kitabu cha 1929 juu ya babu yake. Hitler alipokwisha kushika utawala, mwaka 1934 aliuacha uraia wa Ujerumani na kuhamia London. Vitabu na karatasi za mama yake alivikabidhi Leiden, Uholanzi, ambako vilihifadhiwa. Ni kutokana na karatasi hizo kwamba mwaka 1993 mtaalamu E. van Donzel alizitoa upya kumbukumbu pamoja na barua ambazo Salme aliziandika lakini hazikupata kuchapwa katika uhai wake. Rudolph Said-Ruete mwenyewe alifariki Lucerne, Uswisi, mwaka 1946.

Huku kwetu huhesabu bin na binti. Kule huhesabu jina la ukoo. Yeye alichukua kitu cha huku akakipachika juu ya kanuni ya kule. Si hesabu ya Kiislamu, kwani kwa hesabu yetu Sayyid Said ni babu mzaa mama, na nasaba hupita kwa baba. Lakini kama ni alama ya njia, haina mfano. Kistari kile kimetuonyesha njia kutoka London hadi Mtoni.

KWA WENYE KUTAFUTA WAO

Nimeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu najua wako wasomaji wenye kutafuta babu zao. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja kuna jina lililobadilika. Karani wa bandarini aliandika alivyosikia. Bin iliangushwa ili jina lienee katika mstari wa fomu. Lakabu ya babu ikageuka ukoo, na ndugu wawili wa tumbo moja wakaandikishwa kwa majina mawili. Kisha mjukuu asimama mbele ya kadhi kudai fungu la shamba, aulizwa jina, na jina halilingani na hati.

Habari ya Bibi Salme yafundisha mambo matatu. La kwanza, usitafute kwa maandishi ya namna moja. Yeye mwenyewe utamkuta Salme, Salma, Salima na Salama, kabla hata hujafika kwa Emily. La pili, angalia majina ya katikati na majina ya wajukuu, kwani ukoo huficha humo kile usichotaka kukipoteza. La tatu, tafuta katika karatasi za wengine. Wenyeji wa mji wengi hawakuandika juu ya usiku ule wa Siku ya Mwaka. Barua za balozi na daftari la meli ndizo zilizouweka.

Na juu ya yote hayo, waandikeni wanawake. Waulizeni bibi zenu majina ya mama zao, na ya mama za mama zao, na mji waliotoka, maadamu wangali hai na kumbukumbu ziko. Upande wa baba utasomwa na wengi. Upande wa Jilfidan, asipouandika mtu leo, kesho utakuwa ni mkulima tu, mwenye mke na watoto watatu.